Corona iliisha, bima nayo ikakatwa

Jamani hii ishu ya Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo huku Marekani, bado inanikera. Machi 2020 corona ilipochachamaa, Congress ikapitisha sheria kwamba serikali kuu itawaongezea majimbo mchango wake, ila sharti ni moja: usimtoe mtu kwenye bima mpaka dharura iishe. Watu wakapumua, hamna fomu za kujaza kila mwaka.

Aprili 2023 majimbo yakaruhusiwa kuanza kukata tena. Weee! Waliotolewa ni zaidi ya milioni 25, na karibu 7 kati ya kila 10 si kwamba walionekana hawastahili, ni makaratasi tu, barua imeenda anwani ya zamani, fomu haijarudi, basi. Sasa mama Mkongo aliyehama apatimenti, Kiingereza chenyewe cha kuombea maji, ataijulia wapi hiyo barua?

Kilichoniudhi zaidi ni watoto. Majimbo karibu 30 sistimu zao zilikuwa zinapima familia nzima kwa pamoja, mzazi asiporudisha fomu na mtoto anaondolewa hata kama bado ana haki, mpaka Septemba 2023 wakalazimishwa kuwarudisha watu karibu nusu milioni. Na rekodi za mishahara majimbo hayo hayo yanazo, si wangeangalia humo bila fomu!

Ndugu yako akikatwa kisa fomu, mwambie aitume ndani ya siku 90, kwa wengi hamna haja ya kuomba upya, na akipiga simu aombe mkalimani wa Kiswahili, ni bure.