Nilivyotambua miamba ya kina kirefu chini ya Altiplano

Nilipochambua rekodi za matetemeko zilizokusanywa kwenye uwanda wa juu wa Altiplano, nchini Bolivia, nilitaka kujua ganda la dunia lenye unene wa kilomita 65 hivi limejengwa kwa miamba ya aina gani.

Mwendo wa mawimbi ya P, yaani mawimbi ya tetemeko yanayotangulia kufika kwa kusukuma na kuvuta mwamba, peke yake haukutosha. Wastani wake pale ni takriban kilomita 6.0 kwa sekunde, ilhali wastani wa mabara ni 6.45, lakini upungufu huo huweza kuletwa na wingi wa kwatsi (madini ya silika), au na joto, au na miamba iliyoanza kuyeyuka. Ndiyo maana nilitegemea zaidi uwiano wa mwendo wa P na ule wa S, mawimbi yanayofuata na kutikisa mwamba kiupande. Kwatsi ina uwiano mdogo mno, karibu 1.5, kwa hiyo miamba ya jamii ya graniti huwa na 1.7 hivi, gabro, mwamba mweusi usio na kwatsi nyingi, hukaribia 1.8 au kupita, na palipo na uji wa miamba uwiano hupanda zaidi, kwa sababu mawimbi ya S hayapiti katika kimiminika.

Kazi ngumu ilikuwa kuupata uwiano wenyewe. Wimbi la P linapopenya kutoka chini mpaka wa Moho, unaohesabiwa kuwa sakafu ya ganda juu ya tabaka la mantili, sehemu yake hugeuka S na kufika juu ikiwa imechelewa kwa sekunde 8 hivi. Ucheleweshaji huohuo, hata hivyo, unaelezeka kwa ganda la kilomita 65 lenye uwiano wa 1.73, au la kilomita 59 lenye 1.80. Nilifuata njia waliyoichapisha Zhu na Kanamori mwaka 2000, ambayo hujumlisha pia miangwi inayodunda kati ya uso wa dunia na Moho, na jibu likaangukia karibu na 1.73.

Kisha nilirekebisha athari ya joto. Kila nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza mwendo wa P kwa takriban kilomita 0.04 kwa sekunde, hivyo hata mwamba wenye nyuzi 800 hupoteza 0.3 tu. Gabro, ambayo maabara huipa karibu 7.0, haiwezi kushushwa na joto pekee hadi 6.0. Nilihitimisha kwamba sehemu kubwa ya ganda hilo ni miamba yenye kwatsi nyingi.

Hata hivyo, wastani huficha mengi. Granulaiti za Usambara, miamba iliyobadilishwa na joto kali kwenye kina kirefu, ambazo zamani zilikuwa mizizi ya safu ya milima, zina miamba myeupe na myeusi iliyopishana kwa matabaka membamba kuliko urefu wa wimbi lolote nililolitumia. Tena, gabro ikishinikizwa kwa kina hicho hugeuka eklojaiti, mwamba mzito zaidi, inayopitisha P kwa kilomita 8 hivi kwa sekunde, sawa na mantili. Kwa hiyo, kwenye ramani yangu, Moho niliiandika kuwa mpaka wa mwendo wa mawimbi, si mwisho wa miamba ya ganda.