Kibwebwe cha Ndani

Jumapili, usiku

Leo nimepiga chafya mara tatu mfululizo nikiwa nachambua mchele, na sikushika tumbo. Nimekuja kugundua baada ya ile ya tatu, mkono wa kulia ukiwa bado ndani ya ungo. Nikaacha kuchambua, nikakaa kimya kidogo. Kwa wiki tisa chafya imekuwa ikinitia hofu kama nyoka. Ikianza tu kunitekenya puani, nakimbilia mto niukumbatie.

Niliumia tumbo Jumanne moja asubuhi. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku ya tatu, tukawa tunachota kwa jirani mwenye kisima. Siku zote yupo wa kunitwika, na mimi namtwika mwenzangu. Siku ile nilichelewa, wenzangu walishaondoka, nikaamua kujitwika mwenyewe. Ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji kabla hujahesabu ndoo yenyewe. Niliinyanyua hadi gotini, nikaizungusha kuipandisha begani, na hapo katikati nikasikia kitu kinachanika chini ya mbavu za kulia, kama khanga iliyochakaa ikivutwa na watu wawili. Nikaitua. Maji nusu yalimwagikia miguuni mwangu.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Jirani alisema ni ngiri. Mama alitaka nichuliwe kwa mafuta ya nazi siku hiyohiyo, na nashukuru sikukubali, kwa sababu baadaye nilielezwa kwamba kuuchua msuli uliochanika siku za mwanzo kunaweza kuuzidishia damu na uvimbe. Kwenye duka la dawa nilipewa vidonge vya maumivu, nikaambiwa nilale wiki mbili. Nikalala siku tisa. Maumivu yalipungua, lakini mwili uliishiwa nguvu, mgongo nao ukaanza kuuma, na kuinuka kitandani bado nilihitaji kuvutwa mkono na mwanangu.

Hospitali daktari alinisimamisha, akaniambia nikohoe huku anapapasa kinena na kuzunguka kitovu. Hakuna kilichojitokeza. Kisha akanilaza chali, akabonyeza palepale panapouma, akasema, "Inua kichwa na mabega kidogo." Maumivu yalipanda ghafla. Akanieleza kwamba msuli wa tumbo ukikaza unakuwa kama ngao. Maumivu yakiwa yanatoka ndani zaidi, mara nyingi hupungua, lakini yakiwa kwenye msuli wenyewe, yanazidi. Haikuwa ngiri. Akaniandikia rufaa ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na akanionya kwamba nikiona kinundu, nikitapika au nikipata homa nirudi bila kusubiri.

Nilidhani nitakandwa. Kijana aliyenipokea, aliyesomea hospitali ya KCMC kule Moshi, hakunigusa tumbo siku ile hata kidogo. Alinifundisha kuamka kitandani. Geuka ubavu, magoti pamoja, teremsha miguu, jisukume kwa kiwiko na kiganja. Tukarudia mara tano. Mara ya tano nilikaa mwenyewe pembeni ya kitanda, nikalia. Mimi ni mama wa watoto watatu, na nilikuwa nimesahau ilivyo kuinuka pasipo mtu kunivuta.

Somo la pili lilikuwa kupumua. Nilale chali magoti yamekunjwa, kiganja tumboni, nivute pumzi hadi mkono upande, kisha niitoe polepole. Nilikuwa nabana pumzi kila nikitaka kujigeuza, nikilikaza tumbo lote kwa hofu. Akaniuliza, "Dada, kujifunga kibwebwe unajua?" Nikamwambia nimezaliwa Tanga, nitakosaje kujua? "Basi unacho kingine ndani." Chini ya misuli yote ya tumbo, alisema, upo mmoja unaozunguka kiuno kama mkanda, nao hukaza kabla mkono haujanyanyua mzigo. Mtu akiumia au akilala muda mrefu, unachelewa kuitika. Kazi yetu ni kuuamsha. Tangu siku ile sikukiona tena kitovu changu kwa jicho lile la zamani. Natoa pumzi, nahisi kinavutwa taratibu kuelekea mgongoni, na najua kibwebwe kimefungwa.

Mazoezi yenyewe ukiyatazama ni madogo mno. Kuburuta kisigino kwenye godoro, kwenda na kurudi. Kuangusha goti moja pembeni na kulirudisha. Mara kumi, asubuhi na jioni, na maumivu yasivuke tatu kwa kipimo cha sifuri hadi kumi.

Wiki ya nne nilijiona nimepona, nikafua mablanketi mawili na kuyakamua. Kule kukamua, kiwiliwili kinazunguka huku mikono imekaza, ndiko kulikonirudisha nyuma. Usiku nililala nimejikunja. Nilienda kliniki nikiwa na aibu, lakini kijana yule hakunigombeza. Alipunguza mazoezi, akanieleza kinachoendelea humo ndani: nyuzi mpya za kovu zinaanza kuwekwa ovyoovyo, na kinachozipanga zifuate uelekeo wa msuli ni kuvutwa kidogo kidogo, kila siku. Usipozivuta kabisa, zinabaki fundo. Ukizivuta kwa nguvu, zinakatika. Nilimkumbuka bibi yangu akisuka ukili. Vidole vyake havikuwa na haraka, na havikuwahi kulegeza.

Lililoniuma kuliko yote, niseme kweli, ni swala. Wiki sita niliswali nimekaa kwenye kiti, nikiinamisha kichwa tu. Najua dini imemruhusu mgonjwa, lakini nilikosa mkeka kwenye paji la uso wangu. Kijana alipoulizia ninachotaka kurudia kukifanya kabla ya vyote, nilimwambia kusujudu na kuinuka. Akalifanya kuwa zoezi. Kwanza mikono mezani, kisha kwenye kigoda, kisha kwenye mto sakafuni, nikitoa pumzi kila ninapoinuka. Alfajiri moja ya wiki ya saba nilikunja kiti, nikakiegemeza ukutani. Sijida ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu sana. Mkeka ulikuwa na harufu ya vumbi na karafuu.

Jana jioni maji yalikatika tena. Nilienda kisimani na ndoo ileile, nikaitia maji nusu tu, lita kumi nilizoruhusiwa. Wenzangu wawili walikuwa wameshatwikana, lakini waliponiona wakatua zao. Mmoja akashika kulia, mmoja kushoto. Nikasimama wima, miguu ikielekea ninakokwenda ili kiuno kisizunguke, nikatoa pumzi, wakanitwika. Mmoja wao akachuma jani la mwembe, akaliweka juu ya maji yasiruke.

Nimefika nyumbani jani linaelea.