Nilivyompima Steve Austin, mdoli wa mwaka 1975

Mtu anayetaka kutathmini mdoli ambaye hakucheza naye utotoni ana kazi ya ziada. Wamarekani waliokua miaka ya sabini wakimshika Steve Austin, mdoli wa shujaa wa tamthilia ya televisheni, wanasahau kila kasoro yake, maana wanachokishika ni utoto wao. Mimi nilifika jimbo la Ohio, Marekani, nikiwa mtu mzima, tena huyu jamaa nilimkuta kwa bahati kwenye duka la vitu vya kale, kalala chali katikati ya pasi mbovu na sahani za maua, suti yake nyekundu ya mazoezi imepauka mabegani. Boksi hana, kiatu kimoja hana. Muuzaji alinipunguzia bei kabla sijafungua mdomo, nikajua hata yeye amechoka kumtazama.

Kwa kuwa kumbukumbu sina, niliamua kumpima kwa ahadi zake. Nilikaa nikatazama vipindi kadhaa vya The Six Million Dollar Man, tamthilia iliyoanza kama filamu ya televisheni mwaka 1973, ikawa ya kila wiki kwenye ABC, televisheni ya Marekani, kuanzia Januari 1974, ikaisha 1978. Lee Majors anaigiza Steve Austin, mwanaanga na rubani wa majaribio anayevunjikavunjika kwenye ajali, kisha serikali inamuunda upya kwa dola milioni sita: mkono wa kulia, miguu yote miwili na jicho la kushoto. Picha za ajali zinazotumika mwanzoni mwa kipindi ni za kweli kabisa. Ni chombo cha majaribio cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho M2-F2 kilichobiringika jangwani California tarehe 10 Mei 1967. Rubani wake, Bruce Peterson, alipona, ila baadaye jicho lake moja likapofuka. Nilipojua hilo sikuweza tena kulitazama jicho la mdoli kama mchezo mtupu.

Basi ahadi ni tatu: mkono, jicho, miguu. Nikamweka mezani chini ya taa nikaanza na mkono.

Hapa lazima niseme ukweli: Kenner, waliomtengeneza, walijua kazi yao. Hii ni kampuni ya vitu vya kuchezea ya Cincinnati, hapa hapa Ohio, na wakati ule ilimilikiwa na General Mills, wale wa nafaka za kifungua kinywa. Mdoli ana urefu wa sentimita 33 hivi, kwa hiyo ndani ya kifua chake kuna nafasi ya kutosha kuficha mashine. Ukibonyeza kitufe cha mgongoni, mkono wa kulia unapanda hatua moja na kutoa mlio mkavu, tak. Bonyeza tena, tak, unapanda tena. Mdoli aliuzwa na kipande cha injini ya gari ili akinyanyue. Wangu alikuja bila injini, nikamtundikia funguo za nyumba na za gari, pete nzima. Akazinyanyua hadi usawa wa kidevu bila kuyumba. Umri wote huo na springi bado inafanya kazi! Nilirudia mpaka mke wangu akauliza kutoka chumbani kama nina akili timamu.

Kilichonitoa jasho ni ngozi. Mkono huo umevikwa ngozi ya mpira inayokunjwa kwenda juu kama soksi, na chini yake vinaonekana vipande vidogo vya umeme wa kubuni ambavyo mtoto anaweza kuvichomoa na kuvirudisha. Ni wazo zuri mno, lakini mpira ni mpira. Ukizeeka unakauka, unapasuka, na midoli mingi inayouzwa leo imebaki na mkono mtupu. Wa kwangu ngozi ilikuwepo, ngumu, imeng'ang'ania plastiki. Sikuikunja. Kwanza nilipitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo juu ya mkono tu, kwa sababu maji yakiingia kifuani yanaweza kuishia kwenye mashine. Halafu nikapuliza hewa ya moto kidogo kwa draya ya nywele, kwa mbali, huku nikiuminyaminya mpira kwa vidole. Ulipoanza kulegea nilipenyeza poda ya mtoto kwenye ukingo kwa brashi laini, nikaukunja kidogo, poda tena, kidogo tena. Ukitaka kujaribu, usivute. Mpira wa zamani hautoi onyo, unachanika tu. Hatimaye vile vipande vikaonekana, vyote vipo, vina mistari mizuri ya nyaya za kuchora, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu.

Jicho nilimwachia mpwa wangu wa miaka minane aliyekuwa kaja wikiendi. Nilitaka maoni ya mtu asiyejua chochote kuhusu tamthilia. Akamgeuza, akaguna.

"Anko, mbona huyu ana tundu kisogoni?"

"Chungulia."

Akachungulia. Tundu la kisogoni linapita hadi kwenye lenzi iliyowekwa jichoni, kwa hiyo unaona anachokiona yeye. Mpwa wangu akaelekeza uso wa mdoli dirishani, akanielekezea mimi, akarudi dirishani.

"Umekuwa mdogo, anko. Uko mbali kweli."

Na hapo ndipo ahadi ya pili inapovunjika. Kwenye televisheni jicho la Steve Austin linavuta vitu vya mbali vikawa karibu, ndiyo sababu ya kulilipia. Lenzi ya mdoli inafanya kinyume: inapanua eneo la kuona, hivyo kila kitu kinanywea na kusogea nyuma. Nadhani waliona lenzi ya aina hiyo ingempa mtoto picha kwa urahisi bila kuhangaika kulenga. Lakini kama kazi ni kumpeleleza adui, huyu angekuwa wa mwisho kumwona.

Ajabu ni kwamba mpwa wangu hakujali. Mkono aliubonyeza kidogo akauacha, jicho akazunguka nalo nyumba nzima, akimwonyesha mdoli jikoni, choo, paka wa jirani. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba jicho ni udanganyifu na mkono ndio johari. Nikaongeza mstari: mkono unapendwa na mtu mzima, jicho linapendwa na mtoto, na mdoli huyu hakutengenezewa mtu mzima.

Miguu haina maneno. Tamthilia inaonyesha mbio za Steve Austin kwa mwendo wa polepole, na watazamaji wakakubali kwamba polepole maana yake ni kasi. Mdoli anasimama tu. Sura nayo si mbaya, taya na nywele ni za Lee Majors ukimtazama kwa upande. Ukimtazama usoni ni kijana yeyote wa matangazo ya dawa ya meno.

Kwa anayetaka kununua: boksi linapandisha bei sana lakini halina kazi yoyote mkononi mwako. Uliza kwanza kama ngozi ipo na haijachanika, kisha kama vipande vya mkono vimetimia, kisha omba muuzaji abonyeze kitufe usikie mlio. Suti na viatu hupatikana kirahisi zaidi. Mweke mbali na jua, na ngozi iache imeshushwa, usiihifadhi ikiwa imekunjwa. Nimempa alama nane kati ya kumi. Moja imekatwa kwa ajili ya miguu, nyingine kwa ajili ya lenzi, ingawa hiyo ya pili mpwa wangu anaidai.

Sasa namtafuta Maskatron, adui yake kutoka Kenner hao hao: roboti mwenye nyuso za kubadilisha, moja ikiwa ya Steve Austin mwenyewe, na viungo vinavyofyatuka vikipigwa. Nyuso hizo hupotea kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo kama kwenu kuna kisanduku cha vitu vya zamani chenye sura ya plastiki isiyo na kichwa, usiitupe kabla hujanionyesha.