Baa za waifai zimejaa ila intaneti inakata? Mtafute anayepiga kelele

Hii naiona sana na inaniuma, mtu baa zote zimejaa, video inasimama, ananunua ruta mpya, anagombana na watu wa intaneti, kumbe adui yuko humo humo ndani, kifaa kingine kinachotoa mawimbi yanayogongana na waifai, ndo hiyo kelele. Masafa ya gigahezi 2.4 ya waifai yanatumiwa na kila kitu: Bluetooth, mausi zisizo na waya, kamera za kumwangalia mtoto, na maikrowevu nayo inavujisha mawimbi kidogo hapo hapo kwenye 2.45.

Sasa wengi wanakimbilia app za kuskani waifai. Nzuri, mi mwenyewe nazitumia, ila zinakuonyesha waifai zingine tu, kamera ya analojia, ile isiyotumia waifai, haitokei kwenye listi hata iwe mezani kwako. Na baa zinapima nguvu ya ruta, hazipimi kelele, ruta ikisikia kelele kubwa hewani inasubiri kwanza ndo itume, baa zimejaa lakini spidi hamna.

Ukiwa na spektramu analaiza, kifaa kinachokuchorea mawimbi yote yaliyo hewani, unamjua adui kwa sura yake. Bluetooth ni vidoti vimetapakaa kotekote maana inaruka chaneli 79, mara 1600 kwa sekunde, kamera ya analojia imesimama pale pale haishuki, maikrowevu ni bonge la mlima linalowaka na kuzima kufuata umeme.

Huna? Piga pingi, ile amri ya kompyuta inayotuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu kurudi, kwenda kwenye ruta yenyewe, sio tovuti ya nje, usije ukachanganya na matatizo ya laini, alafu iache iende. Kama ilikuwa milisekunde 3 ghafla inapanda 200, 400, inadondosha kabisa, angalia muda huo nini kimewashwa, ikidumu dakika chache ikapona shuku maikrowevu, isipopona anza kuchomoa kifaa kimoja kimoja huku unaangalia namba.

Na USB 3 msiisahau! Intel waliandika kabisa mwaka 2012 kwamba inatoa kelele kwenye 2.4, unachomeka diski ya nje pembeni ya kile kidude cha USB kinachopokea mausi isiyo na waya, mausi inaanza kugandaganda, kihamishie kidude tundu la mbali au tumia kebo yenye kinga nzuri.

Ukishampata na hazimiki, badilisha chaneli ya ruta, jaribu 1, 6 au 11, iliyo mbali naye. Ila maikrowevu inachafua eneo kubwa, hapo laptopu ya kazi ipeleke kwenye waifai ya gigahezi 5 moja kwa moja.