Nuru ndani ya neno

Jana usiku nilimkuta mpwa wangu sebuleni, daftari wazi mbele yake, ukurasa mzima umejaa neno moja: "photosynthesis". Alikuwa ameliandika mara 23, nilizihesabu. Yuko kidato cha kwanza na wiki hii ana jaribio la Baiolojia. Nikamuuliza maana yake. Akanyamaza, kisha akasema, "Mjomba, spelingi ninayo. Maana bado."

Moyo uliniuma, kwa sababu nilijiona mimi. Nilisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, halafu nikaingia sekondari na masomo yote yakageuka Kiingereza, likabaki somo la Kiswahili peke yake. Shuleni kwetu tulikatazwa hata kunong'ona Kiswahili, eti kitatuharibia Kiingereza. Basi nikakariri. Maneno kumi kila usiku, safu mbili zilizopigwa kwa rula, na ikifika Ijumaa yamebaki mawili kichwani.

Nilifika kidato cha tatu ndipo nikagundua kwamba neno lile nilikuwa nalo tangu shule ya msingi. Usanisinuru! Usanisi na nuru. Kwa Kigiriki "photo" ni nuru, na "synthesis" ni kuunganisha vitu vikawa kitu kimoja. Waliotuundia neno letu walilifumua lile la kigeni, wakalisuka upya kwa uzi wa kwetu. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nikilikariri kama namba ya simu.

Kwa hiyo jana nikachora jani, jua, tone la maji na hewa inayoingia. Nikamwonyesha jinsi jani linavyotumia nuru kujitengenezea chakula. Kisha nikamuuliza, kama "graph" ni kuandika, "photograph" ni nini? Akauma kalamu.

"Kuandika kwa nuru?"

"Ndiyo."

"Na fotokopi, mjomba?"

Tukacheka wote wawili, maana alikuwa amepata.

Si kila neno linafumuka hivyo. "Borrow" na "lend" bado zinamsumbua, na simlaumu: kwetu anayeomba kalamu husema "niazime", na aliyeipata husema "nimeiazima", kitenzi ni kilekile. Hapo hakuna mzizi wa kumwokoa. Nilimwambia atunge sentensi mbili za kalamu yake mwenyewe, moja anapoitoa na moja anapoipokea, azitamke mpaka ulimi uzoee. Ninavyoamini mimi, Kiswahili hakijawahi kumharibia mtoto Kiingereza. Mimi ndicho kilichonipa pa kukishikia Kiingereza chenyewe.

Nilipokuwa nainuka kwenda kulala alikuwa amefungua ukurasa mpya. Juu ameandika "thermometer", na katikati ya neno amepitisha mstari wa penseli. Hakuniuliza kitu. Chini ya nusu ya kwanza akaandika "joto", chini ya nusu ya pili akaandika "kipimo", akatulia kidogo, halafu akasema kwa sauti, "Kumbe kipimajoto!"