Jukwaa la nyuma la boti lilikuwa linacheza, hivi ndo tulivyolitengeneza

Naandika hii kwa wenzangu wanaotunza boti za faiba, hasa hizi za kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba kuzamia na kuogelea, maana tatizo hili nimeliona kwenye boti nyingi huku Nungwi, Zanzibar, na watu wanalipita tu. Boti yetu ni ya futi 28, mashine ya dizeli iko ndani, ililetwa ikiwa imeshatumika kutoka Dubai, na kule tezi, yaani nyuma ya boti, ina jukwaa la mbao za mtiki ambalo mgeni analipanda akitoka majini kabla hajaingia botini. Jukwaa limekalia braketi mbili za stenlesi za pembetatu, zimefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa tezi.

Dalili ya kwanza ilikuwa michirizi ya kutu rangi ya chai chini ya boliti za juu. Halafu pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, ikawa inajiwasha yenyewe kila wageni wakijazana nyuma, wakihamia mbele inatulia. Ukifikiria utaona kwa nini, boti ikiwa nyepesi boliti za chini ziko juu ya maji, watu wakikaa nyuma zinazama, na maji yanapita kwenye matundu yale yale. Ukilishika jukwaa ukalitikisa kwa mkono unalisikia linacheza kidogo, si sana, ila kitu cha kubeba watu hakitakiwi kucheza hata kidogo.

Niliambiwa na wengi nikaze boliti nizungushie silikoni yaishe. Sikukubali, kwa sababu ukuta wa tezi wa boti hizi si faiba tupu, ni plaiwudi katikati na faiba nje na ndani, na ubao wa katikati ukishalainika kila ukikaza nati unaendelea kuuponda tu, unakaza leo wiki ijayo imelegea.

Na ule mzigo si mdogo jamani. Tuchukue watu watatu wa kilo 80, hiyo ni kilo 240, wamesimama ukingoni mwa jukwaa sentimita 60 kutoka ukutani. Kati ya boliti za juu na za chini kwenye braketi zetu za zamani kulikuwa na sentimita 25. Zidisha 240 mara 60 ugawe kwa 25, unapata kilo 576 zinazozivuta boliti za juu kutoka ukutani, wakati za chini zinasukumwa kuingia ndani. Hapo boti imetulia na mawimbi hayajaanza. Mzamiaji mwenye chupa ya hewa na mkanda wa vipande vya madini ya risasi wa kumzamisha anapita kilo 100 peke yake, na kipindi cha kusi pale Mnemba boti ikipanda na kushuka kwenye nanga maji yanalipiga jukwaa kutoka chini kwenda juu, yaani boliti zinavutwa zinasukumwa siku nzima. Bahati mbaya mwenye boti wa zamani alikuwa amefunika mapengo ya mbao kwa plaiwudi na zulia ili wageni wasiteleze, kwa hiyo maji yakipiga hayana pa kupitia. Lile zulia lilikuwa kitu cha kwanza kung'oka.

Tulingoja mwanzoni mwa Juni, masika imekatika na wageni wa Julai bado, tukaipandisha boti kwenye bamvua, yale maji makubwa. Kwa huku kwetu kujaa na kupwa kwa bamvua kunapishana karibu mita 4, kwa hiyo unaipeleka juu kabisa ya ufukwe, unaitia magogo, na maji yakirudi kuwa mafu hayaifikii.

Kujua ubao umeoza mpaka wapi nilitumia kitako cha bisibisi, unagonga ukuta mzima taratibu huku unasikiliza. Penye uzima panalia ko, ko, mkavu. Palipooza sauti inakufa, pu. Nikachora kwa chaki mpaka, halafu nikatoboa vitundu vya milimita 4 kutokea ndani kuangalia vumbi linalotoka. Kwenye ubao mzima linatoka kavu na jeupe jeupe, ila kuzunguka boliti za juu lilitoka jeusi, limelowa, linanuka. Uozo ulikuwa umeteremka kwa mkondo mpaka kwenye boliti za chini.

Alipita mzee mmoja fundi wa majahazi, nikamwamkia nikamwonesha, akachukua lile vumbi akalisugua kwa vidole akaniambia, "Mwanangu, ubao ukishakunywa maji usiubembeleze, utoe." Nikamwambia sawa mzee, tunautoa.

Boliti zilipotoka ndo utaelewa kwa nini nasema tusidanganyike na mng'aro. Kichwa kinang'aa, ncha inang'aa, katikati pale ilipokuwa ndani ya ubao imeliwa imebaki shingo nyembamba. Stenlesi inajikinga kwa utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili ujirudishe, ukiifungia ndani ya ubao uliolowa maji ya chumvi hewa haifiki, utando unakufa na chuma kinaliwa kwa siri. Pia angalia maandishi kwenye kichwa cha boliti. A2 ni daraja la 304, kwa baharini halifai. Tafuta A4, hiyo ndo 316, ina molibdeni inayoisaidia kuhimili chumvi. Kuna wanaopima kwa sumaku, sumaku haitofautishi hizo mbili, soma maandishi.

Tulikata kutokea ndani. Ngozi ya nje tuliiacha kwa sababu ndo imebeba umbo la tezi na rangi yake, ya ndani tukaikata kwa grenda tukatoa ubao wote mbovu kwa patasi hadi tukakuta mzima. Tukasuuza kwa maji yasiyo ya chumvi kuondoa chumvi, tukaweka turubai juu na feni ndani, tukaacha pakauke kabisa kabisa. Hapa usiwe na haraka, epoksi, ile gundi ya kuchanganya, juu ya unyevu ni hasara.

Ubao mpya ni plaiwudi ya baharini, tabaka mbili za milimita 18, zimegandishwa kwa epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wa silika. Kuzibana hatukuwa na jiriwa zinazofika huko, tukapitisha boliti ndefu zilizopakwa nta kwenye matundu ya zamani, tukakaza mpaka epoksi ikatokeza pembeni kote. Ngozi ya ndani tukairudisha kwa kitambaa cha faiba, na kingo za ile ya zamani tulizichonga kwa mteremko wa mara 12 ya unene wake, faiba ya milimita 4 inataka mteremko wa karibu sentimita 5. Ukiunganisha kingo kwa kingo bila mteremko pale pale ndo patakapopasuka.

Kwa joto la huku fanya kazi ya epoksi alfajiri, changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye sinia pana, ukiiacha ndani ya kopo inachemka yenyewe na kuganda mkononi mwako. Ikishakauka kuna utando kama wa mafuta unabaki juu, uoshe kwa maji na sponji kwanza ndo upige msasa, ukianza na msasa unausambaza tu.

Sasa matundu, ambayo kwangu ndo roho ya kazi yote. Boliti ni za milimita 10, ila tulitoboa milimita 16, tukajaza epoksi nzito, ikaganda, ndo tukatoboa tena milimita 10 katikati yake. Kwa hiyo kila boliti inapita ndani ya bomba la epoksi lenye unene wa milimita 3, hata siku gundi ya kuzuia maji ikichoka maji hayaugusi ubao.

Braketi mpya tulichongesha kwa fundi wa kuchomelea Dar, tukamwomba urefu wa ukutani uwe sentimita 40 badala ya 25. Mzigo ule ule, boliti za juu sasa zinavutwa na kilo 360. Nilimsisitizia asafishe maungio kwa dawa yake ya asidi, ukiacha ule weusi wa kuchomelea panaanza kutu mapema. Kwa ndani, badala ya washa tupu, zile pete za chini ya nati, kila braketi ina bamba la stenlesi la milimita 6, pana kuliko braketi yenyewe, pembe zimeviringwa. Aluminiamu tuliikataa, ikigusana na stenlesi kwenye maji ya chumvi inaliwa yenyewe.

Wakati wa kufunga tulipanua kidogo mdomo wa kila tundu kwa nje ili gundi ya poliyurethani ikae kama pete chini ya kichwa. Mmoja nje anashikilia kichwa kisizunguke, mwingine ndani anazungusha nati tu. Na hesi, ile mizunguko ya boliti inayoshika nati, zipake grisi ya kuzuia kunatana, nati ya stenlesi ikiuma katikati huitoi tena ila kwa kukata.

Kabla ya kuirudisha majini tulipanga madumu 12 ya lita 20 yaliyojaa maji ukingoni mwa jukwaa, hizo ni kilo 240, tukaweka rula dhidi ya mti tuliouchomeka mchangani. Mbao zilipinda kidogo zikarudi, ukutani hakukuwa na mwendo wowote. Kila nati nimeichora mstari wa rangi unaoendelea mpaka kwenye bamba, nikipita na tochi kwenye ngama naona mara moja kama kuna iliyozunguka.