Madoa ya wavu miguuni kwa mwanangu, mpaka kiharusi

Wazazi wenzangu naandika hili kwa sababu nilipoteza karibu miaka mitatu nikipaka mafuta. Mwanangu alikuwa na madoa toka hajatimiza mwaka, miguuni na mikononi, yamejichora kama wavu uliokatikakatika, rangi ya zambarau inayoelekea weusi. Nikaambiwa aleji, nikaambiwa pumu ya ngozi, nikaambiwa fangasi, kila mmoja na tyubu yake. Homa nazo zinakuja zinaondoka, tunapewa antibayotiki basi.

Ana miaka mitatu na nusu, asubuhi moja akaamka mdomo umeenda upande na mkono wa kushoto hauinuki. Nikasema dokta, hiki ni kiharusi. Nikajibiwa mama, watoto hawapati kiharusi, huo ni mshipa wa uso tu. Hilo jibu linaniuma mpaka leo. Mshipa wa uso unapoozesha uso, haulegezi mkono! Na watoto wanapata kiharusi, hata vichanga. Picha ya kichwa ya CT ikatoka safi, mkono ukarudi baada ya siku chache, nikaonekana mama mwenye wasiwasi. Miezi minne baadaye akapigwa tena, safari hii macho yakawa hayaendi pamoja. MRI, picha ya ubongo inayoonyesha kwa undani zaidi, ndo ikaonyesha viharusi vidogo vidogo vya ndani kabisa ya ubongo, vipya na vya zamani, vile ambavyo CT inavikosa kirahisi.

Dokta wa ubongo anasema ngozi muone wa ngozi, wa ngozi anasema kiharusi siyo idara yake. Hapo nikaamua kukusanya ushahidi mwenyewe. Ngozi ya mtoto mzima kabisa nayo ikipata baridi inaweza kuchora wavu, ila ukimpa joto unapotea. Basi nikawa nampiga picha akiwa na baridi, halafu namwogesha maji ya uvuguvugu, blanketi nusu saa, napiga tena palepale. Mara ya kwanza nilitumia flashi, picha zote zikawa bure, kwenye ngozi nyeusi flashi inafuta kila kitu, tumia mwanga wa dirishani. Wiki sita nafanya hivyo na wavu haukuondoka hata siku moja. Pembeni nina daftari la homa, tarehe kwa tarehe.

Dokta wa watoto anayeshughulika na baridi yabisi alipanga zile picha mezani, akaweka MRI pembeni, akaniuliza kama mimi na baba yake tuna undugu. Kipimo cha damu na cha jeni vikajibu: mtoto ana upungufu wa ADA2, kimeng'enya (protini inayofanya kazi mwilini), ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 tu. Kuta za ateri ndogo zinavimba, kwenye ngozi unaona wavu, kwenye ubongo ndo kiharusi. Yaani ugonjwa ni mmoja muda wote ule! Mimi na baba yake kila mmoja amebeba jeni moja mbovu na hatuumwi chochote, mtoto ndo akarithi zote mbili.

Aspirini aliyoandikiwa baada ya kiharusi cha pili ikasimamishwa, maana ugonjwa huu unaweza pia kuvujisha damu kwenye ubongo. Usiisimamishe mwenyewe lakini, viharusi vingine vya watoto vinaihitaji, we uliza tu kama ADA2 imepimwa. Akaanzishiwa sindano za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea ule uvimbe, baada ya kupimwa kifua kikuu kwanza. Gharama zilitukaba kweli. Sindano itoe kwenye friji nusu saa kabla, ikiwa ya baridi inauma zaidi na mtoto atakukimbia wiki inayofuata.

Mwaka wa pili huu hajapigwa tena. Vifungo vya shati mkono wa kushoto bado unahangaika navyo, mazoezi tunaendelea.

Tukaambiwa tumpime na dada yake, kila mtoto wetu ana uwezekano wa mmoja kati ya wanne. Anacheza, anasoma, hajawahi kulazwa, ana kawavu kidogo tu nyuma ya magoti ambako siku zote nilisema ni baridi. Majibu yakatoka, naye ana ugonjwa huo huo. Ameanza sindano kabla kiharusi hakijamfikia.